Ulimi wa Mwalimu Mbele ya Kioo

Miongoni mwa maswali ambayo walimu watarajiwa wa elimu ya awali huyauliza katika vyuo vyetu vya ualimu, hakuna siku hizi linaloulizwa kwa raghba zaidi kuliko hili: je, yafaa kumpa mtoto wa miaka minne au mitano chombo cha kielektroniki ajifunzie, au haifai? Swali ni zuri, na wanaoliuliza wana haki ya kuliuliza, maana wao ndio watakaokabidhiwa madarasa katika zama ambazo simu ya mkononi imeingia nyumba nyingi kabla ya kitabu cha hadithi kuingia, na ambazo mtoto huja shule siku ya kwanza akiwa amekwisha kujua namna ya kutelezesha kidole juu ya kioo ilhali hajajua namna ya kushika penseli. Walakini nimeona, kwa kuwasikiliza na kuzisoma insha zao, kwamba aghalabu swali hili huulizwa nusu. Hutajwa chombo, hutajwa mtoto, kisha yule mtu wa tatu ambaye bila yeye hapana darasa, yaani mwalimu mwenyewe, husahauliwa kabisa. Muradi wangu katika safu hii ni kumrudisha ndani ya swali lake, na kudai kwamba kipimo cha kwanza cha chombo chochote kiingiacho katika darasa la watoto wadogo si uzuri wa picha zake wala wingi wa michezo yake, bali ni kama chombo hicho humfanya mwalimu aseme zaidi na watoto, na watoto waseme zaidi naye na wao kwa wao, au huwanyamazisha wote pamoja.

Kipimo hicho sikukiweka mbele ya vingine kwa mapenzi ya mambo ya kale. Kinatokana na maumbile ya mtoto. Mwaka 2003 mtaalamu wa Marekani Patricia Kuhl na wenzake walichapisha matokeo ya uchunguzi walioufanya kwa watoto wachanga wa umri wa miezi tisa, waliokuwa wakilelewa katika nyumba za wasemao Kiingereza. Kundi moja lilichezewa na kusomewa vitabu na watu waliozungumza Kichina mbele yao, uso kwa uso. Kundi jingine liliwaona watu wale wale katika televisheni. Na jingine lilisikia sauti zao tupu. Waliokaa na watu hai waliweza baadaye kuzipambanua sauti za Kichina ambazo sikio lililozoea Kiingereza huzikosa, ilhali walioangalia televisheni na waliosikiliza sauti tupu hawakupata faida yoyote, ijapokuwa maneno waliyopewa yalikuwa ni yale yale. Ni kweli kwamba mtoto wa miezi tisa si mtoto wa miaka mitano, na mwenye insafu hataupeleka ushahidi mahali usipofika. Lakini uchunguzi ule ulidhihirisha jambo ambalo mama zetu hawakuhitaji kuambiwa, kwamba mtoto hujifunza kauli kutoka kwa mtu anayemtazama, anayemngojea, na anayebadili uso wake kwa kadiri ya jibu analopewa.

Wengi wa wanafunzi wangu hupenda kuutaja mwongozo ambao Shirika la Afya Duniani lilitoa mwaka 2019, kwamba mtoto aliye chini ya miaka miwili asiwekwe mbele ya kioo, na yule wa miaka miwili hadi minne asizidishe saa moja kwa siku, na kwamba kupunguza ni bora zaidi. Hufanya vema kuutaja, lakini huutaja kama fatwa ya kufunga mlango, na hapo ndipo ninapowataka wausome tena. Mwongozo ule ulihusu kucheza, kukaa na kulala: uliogopa kwamba mtoto aliyekaa kitako mbele ya televisheni hakimbii, haruki, na usingizi wake hupungua. Tena papo hapo ukashauri kwamba pindi mtoto anapokaa, basi akae na mlezi wake akisomewa na kusimuliwa hadithi. Kwa hiyo hata madaktari, ambao shughuli yao ni viungo na usingizi, walipofika kwenye suala la mtoto aliyeketi walimwita mtu mzima mwenye hadithi.

Sasa natuyatazame majaribio yaliyofanyika katika ardhi yetu wenyewe, maana mwalimu mtarajiwa wa Afrika Mashariki hana haja ya kwenda mbali kutafuta mifano. Lililovuma kuliko mengine ni lile la mkoa wa Tanga. Mwaka 2014 taasisi ya XPRIZE ya Marekani ilitangaza tuzo kwa yeyote atakayetunga programu ya kishikwambi itakayomwezesha mtoto asiye na shule kujifundisha kusoma, kuandika na kuhesabu, pasipo mwalimu kusimama mbele yake. Tajiri Elon Musk alitoa fedha, kampuni ya Google ikatoa vishikwambi, na serikali ya Tanzania pamoja na UNESCO na Shirika la Mpango wa Chakula Duniani wakashika kazi ya kuvifikisha vijijini. Kuanzia mwishoni mwa mwaka 2017, kwa muda wa miezi 15, watoto karibu elfu tatu katika vijiji kama 170 walikaa na vyombo hivyo, vikiwa na programu tano zilizofika fainali, zote kwa Kiswahili. Na mwezi Mei mwaka 2019 zawadi ya dola milioni 10 ikagawanywa baina ya washindi wawili, Kitkit School na onebillion.

Hali ya watoto hao kabla ya jaribio ndiyo inayostahili kusomwa kwa makini kuliko majina ya washindi. Iliripotiwa kwamba asilimia 74 kati yao hawakupata kuhudhuria shule. Asilimia 80 hawakupata kusomewa kitu nyumbani. Na zaidi ya asilimia 90 hawakuweza kusoma hata neno moja la Kiswahili. Baada ya miezi ile 15, hesabu ya wasioweza kusoma neno hata moja ikapungua kwa nusu. Mimi huyaheshimu matokeo hayo na sioni vema kuyabeza: mtoto wa kijiji ambacho shule i mbali, na ambaye hakuna aliyepata kumfungulia kitabu, akiweza kusoma maneno yake ya kwanza kwa msaada wa chombo kinachochajiwa kwa nguvu za jua, amepata sehemu ya haki aliyokuwa amenyimwa. Walakini msomaji wa hesabu sharti azisome pande zote mbili. Ikiwa wale wasiojua walipungua nusu, basi baada ya mwaka mmoja na robo wa kukaa na programu zilizochujwa katika mashindano ya dunia nzima, watoto zaidi ya arobaini katika kila mia walikuwa bado hawajaliweza neno moja. Ningependa kumsikia mtetezi wa darasa lisilo na mwalimu akilisema hilo kwa sauti ile ile anayoitumia kuzitaja habari njema.

Fauka ya hayo, jaribio la Tanga halikuwa la elimu ya awali, na wanaolitolea hoja kwa ajili ya watoto wa miaka minne hulibebesha mzigo lisioutaka. Watoto wale walikuwa wamekwisha kupita umri wa kuingia darasa la kwanza. Walikuwa na ulimi uliokomaa, na kilichokosekana ni herufi tu za kuuandikia ulimi huo. Mtoto wa darasa la awali yumo bado katika kuujenga ulimi wenyewe: anajifunza kusema jana na kesho mahali pake, kuuliza kwa adabu, kusimulia jambo likaeleweka na mtu ambaye hakuwapo. Wala watoto wa Tanga hawakuwa peke yao kama inavyosimuliwa, maana katika vijiji walikuwapo akina mama waliokabidhiwa vituo vya kuchajia, na mtoto aliyefuata umeme alimkuta mtu. Lakini namba inayonishika mimi kuliko zote ni ile ya asilimia 80. Watoto wanane katika kila kumi hawakupata kusomewa! Mwalimu mtarajiwa akiiona namba hiyo, asikimbilie kuhitimisha kwamba wamekosa kishikwambi. Wamekosa kwanza mtu wa kuketi nao.

Katika Unguja na Pemba kulikuwa na jaribio jingine, ambalo halikuvuma nje ya visiwa na ambalo wanafunzi wangu wengi hawakupata kulisikia, nalo kwa maoni yangu lina ilimu kubwa zaidi kwa mwalimu wa watoto wadogo. Mwaka 2006, mwaka ule ule ambao Zanzibar ilitunga sera mpya ya elimu iliyoiingiza skuli ya maandalizi katika elimu ya msingi, Wizara ya Elimu na Mafunzo ya Amali ilianza, pamoja na shirika la Education Development Center na kwa fedha za Marekani, mradi ulioitwa RISE, na ndani yake vipindi vya redio vilivyopewa jina la Tucheze Tujifunze. Vilikusudiwa watoto waliokuwa katika madarasa ya maandalizi na wale wasiokuwa na darasa lolote, ambao walikusanywa katika vituo vya mtaani, mara nyingine chini ya mti au barazani, wakisimamiwa na walezi wa kijiji ambao wengi wao hawakuwa na mafunzo ya ualimu.

Asiyejua atadhani kwamba watoto waliketi wakaisikiliza redio. Sivyo ilivyokuwa, na hapa ndipo penye siri yote ya kazi ile. Namna hii ya kufundisha, iliyoanza Nicaragua mwaka 1974 katika masomo ya hesabu na ikajaribiwa Kenya mwanzoni mwa miaka ya 1980 kwa kufundishia Kiingereza katika madarasa ya chini, imejengwa juu ya ukimya. Sauti ya redioni huuliza, kisha hunyamaza kwa sekunde zilizopimwa, na katika ukimya ule watoto hujibu kwa pamoja; huwataka wasimame, nao husimama; huwataka watafute kitu kirefu na kitu kifupi, nao hutawanyika kutafuta; huimba ubeti, kisha huuacha ubeti wa pili mikononi mwao. Tena sauti ile haisemi na watoto peke yao. Humsemesha mlezi vilevile: humwambia awagawe watoto makundi, amchague mmoja ajibu, azunguke aone nani amebaki nyuma, aandae mawe au majani kwa ajili ya kuhesabia. Kwa hiyo mlezi asiye na cheti, mwenye haya na mashaka juu ya uwezo wake, aliingia kipindi akiwa msikilizaji akatoka akiwa mwalimu, maana kwa nusu saa ulimi wake na miguu yake vilikuwa vimefanya kazi ya ualimu; na akirudia hivyo siku baada ya siku, huhifadhi nyimbo, maswali na michezo ile hata akaweza kuiendesha redio ikiwa imezimwa. Tathmini za mradi zilionyesha kwamba watoto walioshiriki walipiga hatua zaidi kuliko wenzao wasioshiriki. Mimi nalipenda zaidi lile lisilopimwa katika karatasi, kwamba chombo kilichokuwa rahisi kuliko vyote kilimwacha mtu mzima na maneno mengi zaidi ya aliyokuwa nayo.

Sitaisifu redio kupita kiasi. Haisikii, na kwa kuwa haisikii haijui kama watoto wamejibu vema au wamepiga kelele tu. Mwendo wake ni mmoja kwa mwepesi na kwa mzito. Betri zikiisha darasa huisha, na mradi ukiisha vipindi hunyamaza. Aibu hizo ni za kweli. Lakini zilinganishwe na hali ya madarasa yetu. Mtaala wa elimu ya awali wa Tanzania Bara wa mwaka 2016 ulitaka mwalimu mmoja awe na watoto wasiozidi 25, ilhali takwimu za serikali zimepata kuonyesha uwiano unaopita watoto mia kwa mwalimu mmoja katika shule za umma. Kishikwambi kimoja mbele ya watoto mia ni kitu cha kugombewa: walio mbele huona, walio nyuma huona migongo ya walio mbele, na mwalimu huwa askari wa kulinda kioo. Sauti huwafikia wote mia, na mikono ya wote mia hubaki huru kupiga makofi, kuokota vijiti na kushikana.

Kuhusu televisheni nitasema machache, kwa kuwa suala lake ni la nyumbani zaidi kuliko la darasani. Waliotunga katuni za Akili na Mimi, ambazo hutengenezwa na shirika la Ubongo la Dar es Salaam, walijua siri ile ile ya ukimya: Akili, binti mwenye umri wa miaka minne akaaye chini ya Mlima Kilimanjaro, huuliza na kungoja, naye huzungumza Kiswahili chenye lafudhi ya watoto wetu na huhesabu vitu wanavyovijua. Uchunguzi uliofanywa Morogoro ulionyesha kwamba watoto walioangalia katuni hizo walizidi wenzao katika kutambua namba na maumbo. Mzazi akinijia kuniuliza amwekee mwanawe kitu gani, nitamwambia amwekee hizo, na akae naye.

Yafaa pia mwalimu mtarajiwa akumbuke kwamba mjadala huu wa vyombo haukuanza na umeme. Friedrich Froebel alipofungua bustani yake ya watoto huko Ujerumani mwaka 1837, aliwatungia mipira ya sufi na vipande vya mbao vyenye umbo na mpango maalumu; Maria Montessori alipofungua nyumba yake ya watoto mjini Roma mwaka 1907, alikuja na silinda za mbao, herufi za karatasi ya msasa na shanga za kuhesabia; na hao wote walikuwa wavumbuzi wa teknolojia ya zama zao. Kwetu pwani, Bi Swafiya Said wa Mombasa, aliyeanzisha katika miaka ya 1980 mpango wa shule za awali za Madrasa kwa msaada wa Wakfu wa Aga Khan, alifanya uvumbuzi wa kadiri hiyo hiyo. Shule ya kwanza ilifunguliwa mwaka 1986, mpango ukavuka bahari kwenda Zanzibar mwaka 1990, kisha ukafika Uganda mwaka 1993. Vifaa vyake vilikuwa vifuu, kombe za baharini, mbegu, vizibo vya chupa na vitambaa vya mabaki, na madarasa yake yaliunganisha mafunzo ya dini, nyimbo za Kiswahili na michezo ya kuchagua. Wapo wanaodhani kwamba vifuu vilitumika kwa sababu ya umaskini, na kwamba fedha zikipatikana yafaa vitupwe. Mimi nasema hawakuelewa. Kifuu kina uzito, kina ndani na nje, huelea, huzama kikijazwa mchanga, hutoa sauti kikigonganishwa na mwenzake. Na mtoto anapokishika, mwalimu hupata papo hapo maneno kumi ya kumwuliza. Kingine kilicho bora ni kwamba mafunzo ya walimu wa Madrasa hayakuwa ya kukaa chuoni tu na kurudi na cheti: wakufunzi waliwafuata madarasani mwao wiki baada ya wiki, wakakaa nao, wakaonyesha, wakasahihisha.

Na hilo lanileta kwenye vishikwambi vilivyokwisha kufika. Baada ya sensa ya mwaka 2022, serikali ya Tanzania iligawa kwa walimu vishikwambi karibu laki tatu, na mwalimu mtarajiwa wa leo yumkini atakikuta kimoja katika kituo chake cha kazi. Alichokabidhiwa ni chombo cha mwalimu, si cha mtoto, na naona kwamba hiyo ndiyo njia iliyo salama na yenye manufaa zaidi kwa elimu ya awali, lau itatumiwa kwa nadhari. Mathalan, mwalimu amtake mtoto asimulie hadithi aliyosimuliwa na bibi yake, aipokee kwa sauti katika kishikwambi, kisha awasikilizishe darasa zima; mtoto asikie sauti yake mwenyewe ikirudi, wenzake waulize, yeye aeleze palipokosa maelezo, na mwalimu aandike sentensi mbili tatu za hadithi ile ubaoni kwa maneno yale yale aliyoyasema mtoto. Hapo kioo kimezimwa kwa muda mwingi wa somo, na ulimi umefanya kazi kwa muda wote. Au apige picha ya ngalawa inayochongwa ufukweni na fundi wa mtaani, tangu gogo hata tanga, awaonyeshe makundi madogo kwa zamu, wazipange picha kwa utaratibu wa kazi na kubishana juu ya ipi itangulie. Au asikilize mwenyewe usiku, kabla ya somo, nyimbo za watoto ambazo hazijui, maana wako walimu vijana waliokua mjini ambao hazina yao ya nyimbo na vitendawili ni ndogo kuliko ya watoto watakaowafundisha. Hadhari moja tu nitaiongeza: picha na sauti ya mtoto ni amana ya wazazi wake, na mwalimu anayezisambaza katika mitandao ili asifiwe kwa ubunifu wake amevunja amana hiyo, hata kama nia yake ilikuwa njema.

Vyuo vyetu navyo vina wajibu wake. Kozi za teknolojia tunazowapa walimu watarajiwa hufundisha aghalabu namna ya kuwasha, kuandika na kuhifadhi mafaili, na hayo ni ya lazima. Lakini mwanafunzi anaweza kumaliza yote bila kuongoza hata mara moja somo ambalo ndani yake sauti ya kifaa na sauti yake mwenyewe hupokezana mbele ya watoto. Ningependa kila mmoja afanye hivyo mbele ya mkufunzi kabla ya kwenda katika mazoezi ya kufundisha, kwa kipindi cha redio kilichorekodiwa au kwa simu yake, ajifunze kuzima kifaa katikati ya swali pindi aonapo mtoto ana jambo la kusema.

Tena chombo cha kulipima jambo hili tunacho tayari, nacho ni andalio la somo. Lina safu ya vitendo vya mwalimu na safu ya vitendo vya mwanafunzi, na wanafunzi wengi huijaza ile ya pili kwa haraka, kama deni la kulipa. Mimi nimeanza kuwataka wanaotumia kishikwambi au redio waandike katika safu hiyo, kwa kila dakika tano za kifaa, kitenzi kimoja cha kile ambacho mtoto atakuwa akifanya: atajibu, atapanga, atasimulia, atabisha, ataimba, atahesabu vijiti. Andalio ambalo safu yake imejaa kitenzi kuangalia tangu mwanzo hata mwisho hulirudisha kwa mwenyewe, bila kuuliza kifaa kilikuwa kipi wala kilinunuliwa kwa bei gani, naye hukaa akalipanga upya.